Mbwa wangu alinifuata mpaka akaanguka. Sasa nataka mdogo, mke wangu hataki

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina miaka 43, naishi Tabata, Dar es Salaam. Jambo langu ni la mbwa. Najua kuna watakaoliona la kizungu, lakini limeingia ndani ya nyumba yangu na linanikosesha usingizi, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

Miaka mitano iliyopita nilikutwa na presha, daktari akaniambia nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Nikaanza kukimbia na rafiki yangu mmoja wa mtaani. Ofisi yake ilipomhamishia Dodoma nikabaki peke yangu, ndipo nikaanza kutoka na Tomi. Tomi alikuwa German Shepherd dume, kilo 38, tulimleta akiwa mdogo kwa ajili ya ulinzi. Nikikimbia naye watu walikuwa wanatupisha njia, hata vijana wa bodaboda walikuwa wanaacha utani. Mama, sitakuficha, nilikuwa najisikia.

Mwaka jana nilijiandikisha mbio za Moshi, zile za kilometa 21. Asubuhi nilikuwa nawahi kazini, nikahamishia mazoezi jioni. Siku moja ya mwezi wa pili nilitoka saa kumi na nusu. Tukashika barabara ya Segerea kuelekea Kinyerezi, jua bado lina makali. Nikamwona anahema sana, nikasema mbwa ndivyo walivyo. Mara mbili aliacha lami akaenda kusimama kwenye kivuli cha ukuta, na mara zote mbili nilivuta mnyororo. Hilo la kuvuta mnyororo sijamwambia mtu.

Tulipobakiza kama nusu kilometa kufika nyumbani, miguu ya nyuma ikaanza kupepesuka kama ya mlevi. Akatapika povu, akalala. Nilimbeba mpaka kwenye kibanda cha mama ntilie, nikamtia maji mdomoni, yakawa yanatokea pembeni. Bajaji ya kwanza ilikataa kubeba mbwa. Tulipofika kwa daktari wa mifugo, alimgusa tumboni akasema huyu anaungua. Haikupita nusu saa.

Nilimzika usiku uleule nyuma ya nyumba, chini ya mpapai, watoto wakiwa wamelala. Asubuhi binti yangu wa miaka 11 aliniuliza Tomi yuko wapi. Nikamwambia amekula sumu. Ndicho kilichonijia mdomoni, maana mtaani kwetu wezi walishawahi kuua mbwa kwa sumu.

Moshi sikwenda. Tangu siku ile sijakimbia hata hatua moja. Mnyororo wa Tomi bado unaning'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa jikoni, na mtu akifungua mlango kwa nguvu unalia. Mwezi uliopita nilipima presha, 150 kwa 95. Daktari kaniambia nirudi barabarani.

Nimekaa nikafikiri, nikaona kosa langu lilikuwa kukimbia na mbwa mkubwa kwenye joto hili. Nikitafuta mdogo, wa kilo sita au kumi, hatachemka. Nimesoma sana. Kuna mtu Arusha anauza watoto wa Jack Russell wa miezi miwili, ila bei yake sijathubutu kuitaja nyumbani. Mimi mwenyewe nimempenda Basenji, mbwa wa Kongo asiyebweka, maana najua majirani watashukuru. Binti yangu anataka pagi, yule wa uso uliobonyea, amemwona kwa rafiki yake wa shule. Wenzangu wa mbio wananicheka, wanasema mwanaume mzima na kajibwa ka kutia kwenye mkoba.

Mke wangu nilimwambia akiwa jikoni anasonga ugali. Hakugeuka. Akasema, "Usilete mnyama mwingine humu ukamuue." Hatujaligusa tena jambo hilo, na sasa ni wiki ya tatu.

Kuna mengine madogo. Binti yangu siku hizi hamwamkii mzee wa nyumba ya pili. Mzee huyu ni mtu wa msikitini, alikuwa anamfukuza Tomi akimsogelea akiwa na udhu, na mtoto kajiaminisha kwamba ndiye aliyetoa sumu. Hilo nitalishughulikia. Halafu pale kwa mama ntilie kuna jike la kienyeji, rangi ya udongo mwekundu, mkia umejikunja, linamfuata kila anayekimbia mpaka kwenye kituo cha daladala kisha linarudi. Huyo simhesabu.

Swali langu: ni mbegu gani ndogo itanifaa kukimbia nayo kwa joto la Dar? Na nifanyeje ili mke wangu akubali?

Baba wa Wawili, Tabata

* * *

Marahaba, mwanangu. Na pole kwa Tomi. Nadhani hakuna aliyekupa pole mpaka leo, kwa kuwa mbwa hawekewi matanga, na mwenye kufiwa naye anatakiwa kesho yake aamke aende kazini kama kawaida.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza niliona mtu anayetafuta mbwa. Mara ya pili niliona mtu aliyeacha kukimbia. Mara ya tatu nilisimama kwenye yale uliyoyaita "mengine madogo", na huko nitarudi. Kwanza nijibu ulichoniuliza, kwa sababu umeuliza kwa nia njema, na kwa sababu najua wapo wasomaji wengine wenye mbwa na raba mlangoni.

Umesema kosa lilikuwa ukubwa wa Tomi. Hapo una ukweli kiasi. Uji ulio kwenye kikombe hupoa kabla ya ule ulio kwenye sufuria, na mwili nao ni hivyohivyo: mbwa mdogo ana ngozi nyingi ukilinganisha na nyama iliyo ndani, kwa hiyo joto linapata pa kutokea. Ongeza manyoya. German Shepherd ana manyoya ya tabaka mbili, ya juu magumu na ya chini kama sufi, yaliyomfaa kuchunga kondoo kwenye baridi ya Ujerumani. Kwa hiyo ndiyo, mwepesi mwenye manyoya mafupi ana nafuu.

Lakini nafuu hiyo ina mpaka. Mbwa hatoki jasho kama wewe. Ana jasho kidogo tu kwenye nyayo, kazi yote iliyobaki inafanywa na ulimi na pumzi: anatweta, mate yanakauka, damu inapoa. Dar mwezi wa pili hewa imejaa unyevu, wewe mwenyewe unajua nguo unayoianika chumbani inavyokaa mbichi hadi kesho. Mate ya mbwa nayo hayakauki, awe wa kilo 38 au wa kilo 6. Kisha yule mdogo, tumbo lake liko karibu sana na lami. Saa kumi na nusu jioni lami ya Segerea imelishwa jua tangu asubuhi, na moto wake unapanda juu. Wewe uso wako uko mbali na moto huo, wa kwake uko hapohapo. Na wakati unapiga hatua moja, yeye anapiga kadhaa.

Ndiyo maana nataka nikuulize, mwanangu: ungekuwa na Jack Russell siku ile, saa ileile, njia ileile, naye akasimama kivulini mara mbili, ingekuwaje?

Sikuulizi nikuchome. Nakuuliza kwa sababu kama utaamini kwamba ukubwa ndio ulioua, utaleta mdogo na utatoka naye saa kumi na nusu. Marehemu baba yangu alikuwa anawinda nguruwe pori na mbwa kule kwetu Handeni. Walitoka giza halijapambazuka, na jua likishapanda juu ya mnazi kila mbwa alikuwa amelala chini ya ghala, na hakuna aliyethubutu kumwamsha. Wale hawakusoma popote. Waliwatazama mbwa tu.

Hilo la kuwatazama ndilo gumu, kwa kuwa mbwa anayempenda bwana wake hamwachi. Punda aliyechoka husimama, au hulala kabisa ukaaibika barabarani. Mbwa wengi wataendelea kukufuata mpaka miguu ikatae. Tomi alikuambia mara mbili kwa lugha yake. Hukuijua lugha hiyo, sasa unaijua. Ulimi mpana uliotoka nje kabisa, mate mazito kama gundi, ufizi mwekundu sana, macho yasiyokuangalia, kutafuta kivuli: hapo mbio zimeisha, hata kama nyumbani kuko umbali wa dakika tano. Joto la mwili la mbwa mzima ni kama nyuzi 38 hadi 39. Likivuka 41 viungo vya ndani vinaanza kuharibika.

Na kwa yeyote atakayekutwa na yaliyokukuta: poza kwanza, bajaji baadaye. Maji ya bomba, ya ndoo, ya dumu la mama ntilie, mmwagie mwili mzima, hasa tumboni na mapajani, mfululizo, huku mtu anampepea kwa kanga au kipande cha boksi. Usimtie maji mdomoni kwa nguvu, yatakwenda kwenye mapafu; akiweza kunywa atakunywa mwenyewe. Wakati huo mwingine anatafuta usafiri. Ulifanya alivyofanya karibu kila mtu ninayemjua, ulimpa kinywaji na ukakimbilia msaada. Huwezi kulaumiwa kwa usilofundishwa. Na hata angemwagiwa kisima kizima, hakuna anayeweza kukuhakikishia kwamba angepona.

Sasa mbegu zako.

Pagi wa binti yako nitampitia haraka. Ni mbwa mpole na anayechekesha, lakini pua ile iliyobonyea imemfinyia njia ya hewa. Akitembea tu mchana anakoroma. Na kwa kuwa mbwa anajipoza kwa pumzi, huyo ndiye wa mwisho kabisa kumpeleka mbio Dar es Salaam. Buldogi wa Kifaransa ni vilevile. Wale warefu kama soseji nao wana shida yao ya uti wa mgongo. Kama mtoto atapata pagi, awe wa kukaa naye barazani, na wewe ukimbie peke yako.

Jack Russell ni habari nyingine. Amepewa jina la mchungaji wa kanisa huko Devon, Uingereza, John Russell, ambaye mwaka 1819, akiwa bado mwanafunzi Oxford, alinunua kijike kinachoitwa Trump kutoka kwa muuza maziwa na kuanzisha ukoo wa mbwa wa kuwinda mbweha. Walitakiwa waweze kukimbia na farasi, kisha waingie shimoni. Kwa hiyo katika kilo zake tano au sita umepata mashine. Kilometa kumi za alfajiri, akishakomaa na kuzoezwa, zinamtosha na bado akifika nyumbani ataiba ndala yako ili umkimbize. Hatari yake ndiyo hiyohiyo. Siku mvua imekunyima mazoezi, au umesafiri, nguvu zile hazilali. Atachimba bustani ya mkeo, atapita chini ya uzio, na kuku wa jirani mtawalipa. Tena anaishi miaka 13, wengine 16. Binti yako atakuwa na kazi yake, pengine na mume, na wewe una karibu miaka 60 na Jack Russell mzee mguuni. Lifikirie hilo kabla ya bei.

Na jambo la umri hujaligusa. Huyo wa Arusha ana miezi miwili. Mtoto wa mbwa mdogo hafai kupelekwa mbio ndefu kabla ya miezi tisa hadi kumi na mbili, kwa sababu ncha za mifupa yake bado ni laini na zinakua. Kwa wakubwa kama Tomi unasubiri hata mwaka na nusu. Kabla ya chanjo zake kukamilika hata barabarani hatakiwi kukanyaga ovyo, maana parvo, ugonjwa wa virusi, inaua watoto wa mbwa kwa siku chache. Ukimnunua leo, basi kwa karibu mwaka mzima utakuwa na mtoto wa kulea, na presha yako itakuwa palepale. Daktari wako hakukuambia urudi barabarani mwakani.

Nimecheka kidogo kwa Basenji, utanisamehe. Ni mbwa mzuri kweli: kilo kumi na moja hivi, manyoya mafupi, masikio yamesimama, mkia umejikunja, na habweki, ingawa ana sauti yake nyingine kama ya mtu anayejaribu kuimba akiwa na mafua. Waingereza walimwonyesha kwenye maonyesho yao ya Crufts mwaka 1937, walikuwa wamemtoa Kongo. Unajua jina lake linasemekana limetoka wapi? Kwenye neno lilelile ambalo sisi tunasema "washenzi". Mbwa wa washenzi, mbwa shenzi. Leo uzao wake unauzwa ng'ambo kwa fedha nyingi, na ukoo wake una ugonjwa wa figo wa kurithi ambao wafugaji makini hupima kabla ya kupandisha. Kumpata wa kweli hapa Dar ni kazi, na ukiambiwa yupo, omba kumwona mama yake.

Wakati nasoma maelezo ya Basenji, nikarudi juu kwenye barua yako: jike, rangi ya udongo mwekundu, mkia umejikunja. Umemwandikia sentensi moja na ukafunga kwa kusema humhesabu.

Sisemi umchukue. Simjui, na wewe humjui vizuri. Anaweza kuwa na mwenyewe, na lazima mama ntilie aulizwe, maana huenda ndiye anayemlindia masufuria usiku. Anaweza kuwa na kupe, na homa ya kupe inamaliza damu kimyakimya, mbwa anaonekana mzima lakini ufizi umepauka. Huyo hakimbizwi mpaka atibiwe. Hujui kama amechanjwa kichaa cha mbwa, na chanjo hiyo inarudiwa kila mwaka hata kwa anayeonekana mpole kama kondoo. Mbwa aliyezoea kwenda atakako anaweza kuikataa kamba. Hizo ni hasara. Kwa upande wa pili, mifupa imeshakomaa, joto la Dar ndilo lililomzaa, na kazi unayotaka kumfundisha anaifanya tayari bila mshahara, tena ana akili ya kugeuka akiona imetosha. Daktari wa mifugo akimwona mara moja atakuambia mengi zaidi yangu.

Na lipo jambo la tatu ambalo wenzako wanaocheka hawatakushauri: kutoka peke yako kwanza. Alfajiri, saa kumi na moja na nusu, dakika ishirini, kutembea na kukimbia. Ukiwa umekaa karibu mwaka bila mazoezi na presha ni 150 kwa 95, hata wewe ni mbwa wa kuanza upya polepole, na daktari wako akuambie kiasi. Hatari ya njia hii ni kwamba utausikia mnyororo usiokuwepo. Siku za mwanzo zitakuwa mbaya. Labda utarudi mbio zikiwa hazijafika hata dukani. Lakini utajua kama unachokosa ni mbwa wa kukimbia naye, au ni Tomi. Mbwa mpya anaweza kukupa cha kwanza. Cha pili hakiwezi, na akiletwa kwa kazi hiyo atakuwa anapimwa kila siku na marehemu. Jack Russell hafikii magoti yako. Watu hawatakupisha njia. Uliniambia ulikuwa unajisikia ukiwa na Tomi, na nimependa ulivyosema bila kuficha. Jiulize basi ni nini hasa ulichokuwa unakipata: ulinzi, heshima ya vijana wa bodaboda, au pumzi ya mwenzako kando yako. Mdogo atakupa pumzi tu. Mbwa wa mtaani wakimvamia, wewe ndiye utakayekuwa mlinzi.

Ukifika siku ya kutoka na yeyote kati yao, mvalishe mikanda ya kifuani badala ya kumfunga shingoni, umpe chakula baada ya mbio na siyo kabla, na uweke mgongo wa mkono wako juu ya lami kwa sekunde saba. Ukishindwa wewe, nyayo zake zitashindwa. Anza na kilometa moja. Kila akisimama, simama.

Sasa mkeo. Neno lake ni zito, na najua limekukaa kooni. Ila nisaidie kulisikiliza tena. Alikuwa anasonga ugali, hakugeuka. Mtu anayetaka kukuumiza hugeuka akuangalie lilivyokuingia. Yeye aliongea na sufuria. Inawezekana alikuwa na hasira. Inawezekana pia anaogopa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuona usiku ule ukichimba chini ya mpapai, na amekaa karibu mwaka mzima akikutazama usivae raba, huku presha ikipanda. Huenda mnyama anayemwogopea siyo mbwa tu. Sijui. Wewe pia hujui, maana hamjazungumza wiki ya tatu sasa.

Uliniuliza ufanyeje akubali. Mimi ningeliacha kidogo hilo la kukubali. Kuna sentensi moja uliyoniandikia mimi nisiyekujua, ile ya mnyororo uliouvuta mara mbili. Yeye hajaisikia. Kumwambia kuna hatari yake, anaweza kukujibu vibaya kuliko mara ya kwanza, na utakuwa umempa fimbo. Kutomwambia nako unakuona kulivyo. Ukichagua kumwambia, usiunganishe na ombi la mbwa siku hiyohiyo, atadhani umelipia tiketi.

Nimefika kwenye "mengine madogo". Mwanangu, mzee wa nyumba ya pili hajaua mbwa. Kila asubuhi anapita mbele ya mtoto aliyekuwa akimwambia shikamoo, na sasa mtoto anaangalia pembeni, naye hajui kosa lake. Alichokuwa anakilinda ni udhu wake, na kwa madhehebu ya wengi wetu huku pwani mate ya mbwa yakikugusa unaosha mara saba, moja kwa udongo. Mzee wa miaka yake kurudi bombani kila alfajiri ni taabu. Umesema utalishughulikia. Naomba nikuulize, utalishughulikiaje bila kumwambia binti kilichotokea kweli?

Naelewa kwa nini ulidanganya. Ilikuwa asubuhi, hukuwa umelala, na mtoto alikuwa anakuangalia. Neno la sumu lilikuja kwa sababu lilikuwa karibu. Lakini limemwachia mtu wa kumchukia, na limemnyima kitu kingine: hakumzika mbwa wake. Ana miaka 11. Anaweza kuelewa kwamba baba hakujua joto linavyoua mbwa. Anaweza pia kukukasirikia, akakununia mwezi mzima, na utalazimika kuvumilia bila kujitetea. Kuna wazazi wanaosubiri mtoto akue ndipo waseme. Shida ni kwamba mzee hakui, anazeeka, na msiba ukitokea kwake kesho, neno lako litabaki mikononi mwa mtoto. Wengine huanza na nusu, wanasema haikuwa sumu, kisha wanajibu kila swali linapokuja. Wewe ndiye unayemjua binti yako, kama ni wa kuambiwa yote kwa mkupuo au kidogokidogo. Mkeo pia anamjua, na hilo pengine ni jambo la kumwomba yeye ushauri kabla ya lile la mbwa.

Ukishamwambia, mkitaka, mpelekeni chini ya mpapai. Ule mnyororo mwulizeni yeye auweke wapi.

Niandikie tena. Nataka kujua presha imefika ngapi, na kama mzee ameamkiwa. Na ukipita kwa mama ntilie, muulize yule jike anaitwa nani.